George Stephenson, Fundi Mitambo na Baba wa Nyumba



Fundi ni mtu ambaye watu humkumbuka siku mashine inapokataa. Pampu ya kisima ikisimama, mashine ya kusaga ikinyamaza, au basi likikwama njiani na abiria wakashuka kukaa kivulini, hapo ndipo kila mmoja huuliza fundi yuko wapi. Chombo kikishapona, fundi hunawa mikono, hupewa chake, na mara nyingi jina lake husahaulika. Safari hii tumeona vema tuandike habari za fundi mmoja ambaye jina lake halikusahaulika, ingawa alifariki zamani sana, mwaka 1848. Huyo ni George Stephenson wa Uingereza. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba yeye ni baba wa reli. Lakini kabla ya kuitwa baba wa reli alikuwa baba wa mtoto mmoja aliyefiwa na mama, na hizo ndizo habari tunazotaka kuzieleza zaidi, kwa kuwa ndizo zinazoingia katika nyumba zetu.

Kuzaliwa na utoto

George alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, karibu na mji wa Newcastle, kaskazini ya Uingereza. Nchi ile ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Baba yake, Mzee Robert, alikuwa mchochea moto wa mashine ya kuvuta maji katika machimbo. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na watoto walikuwa sita. Nyumba yao ilikaliwa na jamaa nne, na wao walikuwa na chumba kimoja tu, baba, mama na watoto wote. Baba hakujua kusoma, wala mama hakujua. Kumpeleka mtoto shule kulihitaji fedha, na fedha haikuwapo. Basi George hakwenda shule.

Mbele ya mlango wao ilipita njia ya reli za mbao, na juu yake farasi walivuta magari ya makaa. Kazi ya kwanza ya George ilikuwa kuchunga ng'ombe wa mjane mmoja wasiingie katika njia ya magari ya makaa, na malipo yake yalikuwa peni mbili kwa siku. Yasimuliwa kwamba alipokuwa akichunga alifinyanga mashine za udongo, kama vile watoto wetu wanavyotengeneza magari ya mabua na ya makopo. Baadaye alichagua mawe kutoka katika makaa, kisha akamsaidia baba yake kuchochea moto. Alipofika miaka 17 alikabidhiwa kuiangalia mashine yenyewe, cheo kilichokuwa juu ya kile cha baba yake.

Tabia yake ilianza kuonekana hapo. Siku za Jumamosi, wenzake walipokwenda kupumzika, yeye aliifungua mashine, akaisafisha kipande kwa kipande, kisha akairudisha kama ilivyokuwa. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alitaka kujua kila chuma kinafanya kazi gani na kwa nini kiliwekwa pale.

Mwanafunzi wa miaka 18

Hata hivyo alifika mahali akakwama. Alisikia kwamba habari za mashine mpya zimeandikwa vitabuni, naye vitabu vilikuwa vimefungwa kwake. Akiwa na umri wa miaka 18, kijana mwenye kazi na mshahara, alikwenda masomo ya usiku kujifunza a, e, i, o, u pamoja na watoto. Sisi tuliofundisha kisomo cha watu wazima twajua jinsi jambo hilo lilivyo gumu. Mtu mzima huona haya. Vidole vilivyozoea koleo havitaki kushika kalamu. George alivumilia. Alipofika miaka 19 aliweza kuandika jina lake. Hesabu alizipenda kuliko yote, akawa akizifanya juu ya kibao kando ya moto wa mashine, usiku akimpelekea mwalimu kusahihisha.

Ndoa, na msiba

Mwezi wa Novemba 1802 alifunga ndoa katika kanisa la Newburn na Frances Henderson, aliyeitwa Fanny, mwanamke aliyemzidi umri. George alitia sahihi yake mwenyewe katika daftari la ndoa. Ili kuongeza pato la nyumba alishona viatu jioni. Baadaye akawa fundi saa pia, na sababu yake yasimuliwa hivi: dohani ya nyumba yao ilishika moto, majirani wakaja kuuzima kwa maji, na saa yao ya ukutani ikajaa masizi na mvuke. Hawakuwa na fedha za kuipeleka kwa fundi. George akaifungua mwenyewe, akaipangusa, ikatembea. Tangu hapo majirani wote walimletea saa zao.

Tarehe 16 Oktoba 1803 alizaliwa mtoto wao wa kiume, akaitwa Robert kwa jina la babu yake. Mwaka 1804 wakahamia Killingworth, mahali pa machimbo makubwa. Mwaka 1805 wakapata binti, naye aliishi majuma matatu tu. Mwaka uliofuata, 1806, Fanny mwenyewe alifariki kwa kifua kikuu. George akabaki na umri wa miaka 24, na mtoto ambaye hata miaka mitatu hakuwa ameitimiza.

Huzuni ilimtoa nyumbani. Alimwacha mtoto kwa mwanamke wa kumlea, akaenda kwa miguu mpaka Montrose katika Uskoti kuangalia mashine ya kiwanda cha nyuzi. Lakini baada ya miezi kadhaa alirudi, tena kwa miguu, na akiba yake mfukoni. Alikuta taabu nyingine inamngoja. Baba yake, alipokuwa akitengeneza mashine, alipigwa na mvuke usoni akapofuka macho yote mawili. Mzee hakuweza kazi tena, na madeni yalikuwa mlangoni. George alilipa madeni yale kwa akiba yake, akawahamisha wazazi wake karibu naye, akawatunza siku zote za maisha yao. Dada yake Eleanor akaja kukaa nyumbani kumlea Robert mdogo. Wakati huo George aliwaza kuihama nchi aende Marekani, lakini hakuwa na nauli. Twaweza kusema umaskini ndio uliomzuia asiondoke, na kwa kutoondoka kwake mambo mengi yakatokea.

Pampu ya High Pit

Palichimbwa shimo jipya Killingworth, likaitwa High Pit. Mashine ya kuvuta maji iliwekwa, ikashindwa. Mafundi wakubwa walikuja, wakagusa hapa na pale, wakaenda zao, na maji yakabaki shimoni kwa muda wa mwaka mzima hivi. George alikuwa akipita pale na kuitazama. Hatimaye alisema kwamba yeye aweza kuiponya. Wenye machimbo, kwa kuwa hawakuwa na njia nyingine, wakamruhusu. Akachagua wasaidizi wake mwenyewe, akaifungua mashine yote, akabadili sehemu zilizohitaji kubadilishwa. Baada ya siku chache tu maji yalikwisha na wachimbaji wakashuka kazini.

Kwa kazi ile alipewa zawadi, na mwaka 1812 akafanywa fundi mkuu wa mitambo ya machimbo kwa mshahara wa pauni 100 kwa mwaka. Miaka 10 tu nyuma alikuwa akishona viatu vya wenzake ili kupata chumvi na mkate.

Baba na mwana katika kitabu kimoja

Hapa tuwaombe wazazi wasome polepole. George aliyajua maumivu ya kutokujua kusoma, akaazimia kwamba mwanawe hatayapata. Fedha za viatu na za saa alizokuwa ameziweka kidogo kidogo zikawa karo. Robert alianza katika shule ya kijiji, kisha akapelekwa shule nzuri mjini Newcastle. Mji ulikuwa mbali, basi baba akamnunulia punda wa kumpanda asubuhi na jioni.

Mjini palikuwa na chama cha wasomi chenye maktaba. Robert aliingizwa humo, na kila mwisho wa juma alirudi na kitabu. Kitabu ambacho hakikuruhusiwa kutoka, kijana alikinakili pamoja na michoro yake. Kisha jioni baba na mwana walikaa mezani wakasoma pamoja. Mtoto alisoma maneno, baba alieleza jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi. Hivyo karo moja ilisomesha watu wawili. Mwaka 1816 walitengeneza saa ya jua kwa mahesabu waliyoyapata vitabuni, wakaiweka juu ya mlango wao. Nyumba ile ingali imesimama, na inaitwa Dial Cottage kwa ajili ya saa hiyo. Baadaye Robert alipelekwa Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa muda wa miezi sita, kwa kuwa fedha haikutosha zaidi.

Taa ya wachimbaji

Adui mkubwa wa machimboni alikuwa gesi isiyoonekana ambayo ikikutana na moto wa mshumaa hulipuka. Mwaka 1812, katika machimbo ya Felling si mbali na hapo, wanaume na watoto 92 waliuawa kwa mlipuko mmoja. George alitafuta taa ambayo moto wake hautatoka kuiwasha gesi. Alifikiri kwamba hewa ikipita katika matundu membamba sana, moto hautaweza kurudi nyuma. Mwezi wa Oktoba 1815 taa ikawa tayari. Usiku alishuka shimoni na wenzake mpaka karibu na ufa uliokuwa ukitoa gesi kwa kishindo. Wenzake wakabaki nyuma mahali pa salama. Yeye akaenda peke yake, taa ikiwaka mkononi, akainyosha mbele ya ufa. Moto ukapanda, kisha ukazimika ndani ya taa. Hapakuwa na mlipuko. Tukumbuke kwamba nyumbani alikuwa na mtoto wa miaka 12 asiye na mama, na wazee wanaomtegemea. Lakini pia alijua kwamba kila siku baba za watoto wengine walishuka shimoni na mishumaa.

Majira yayo hayo mwanachuoni mashuhuri, Sir Humphry Davy, alitengeneza huko London taa yake ya namna nyingine. Davy akapewa zawadi ya pauni 2,000. George alipewa kidogo, tena akashutumiwa kwamba ameiba, kwa kuwa wakubwa hawakuamini kwamba fundi asiyekwenda shule aweza kubuni kitu kama kile. Watu wa kwao Newcastle, waliomjua, wakachanga pauni 1,000 wakampa. Mwaka 1833 kamati ya Bunge ilichunguza, ikaona kwamba kila mmoja alibuni yake kwa haki. Aibu ile ilimchoma, akazidi kushika neno lake kwamba Robert lazima asome.

Garimoshi

Si kweli kwamba Stephenson ndiye mtu wa kwanza kutengeneza garimoshi. Richard Trevithick alikwisha kuliendesha moja mwaka 1804. Lakini magari yale ya kwanza yalikuwa mazito, yalivunja reli, na watu waliyaona kama mchezo tu. Stephenson alichukua kitu ambacho wengine walikuwa wamechoka nacho, akakitengeneza mpaka kikafaa. Garimoshi lake la kwanza, Blücher, lilitembea mwaka 1814, likavuta tani 30 kupanda mwinuko mdogo kwa mwendo wa maili 4 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu.

Alijua pia kwamba gari jema juu ya reli mbaya ni kazi bure. Yeye na mwenzake walikuwa na haki ya reli za chuma cha kalibu, na kila reli iliyouzwa iliwaletea faida. Lakini ilipojengwa njia ya Stockton na Darlington, aliwashauri wenye kampuni wanunue reli za mtu mwingine, kwa kuwa zilikuwa imara zaidi. Akapoteza faida, na mwenzake akakasirika. Mafundi tulio nao wakumbuke jambo hili wanapomshauri mteja anunue spea gani.

Njia ile ilifunguliwa tarehe 27 Septemba 1825. George mwenyewe aliendesha garimoshi la Locomotion, likivuta makaa, unga na mamia ya watu, na pengine lilifika mwendo wa maili 15 kwa saa.

Mwaka huo huo lakini aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kueleza njia iliyokusudiwa kati ya Liverpool na Manchester. Mawakili walimhoji vikali. Vipimo vya ardhi, ambavyo wasaidizi wake walivichukua, vilionekana kuwa na makosa naye hakuweza kuvitetea. Lafudhi yake ya kaskazini ilichekwa. Kampuni ilimwondoa, na mwanawe Robert alikuwa mbali huko Kolombia kwa kazi ya migodi. Ulikuwa wakati wa upweke. Lakini mwaka 1826 ombi lilipokubaliwa na kazi ikataka mtu wa kuitenda, kampuni ilimrudia yeye. Njiani palikuwa na kinamasi kikubwa kiitwacho Chat Moss, ambacho wajuzi walisema hakipitiki. Alitandaza matawi na majani juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka reli zikaelea juu ya tope kama chelezo juu ya maji. Magarimoshi yanapita pale mpaka leo.

Robert alirudi mwishoni mwa mwaka 1827, na baba na mwana wakafanya kazi pamoja tena katika kiwanda chao cha Newcastle. Oktoba 1829 palikuwa na mashindano ya magarimoshi huko Rainhill, zawadi pauni 500. Gari lao, Rocket, ambalo Robert alisimamia kulitengeneza, lilishinda. Mengine yaliharibika, nalo lilifika karibu maili 30 kwa saa.

Njia ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830, na siku ya furaha ikaingia msiba. Mbunge William Huskisson alishuka relini wakati wa kusimama, akagongwa na Rocket. George alimchukua majeruhi katika garimoshi jingine, akaliendesha mwenyewe kwa mwendo wa maili 36 hivi kwa saa kutafuta waganga. Hata hivyo Huskisson alifariki usiku ule.

Uzee wake

Mwaka 1820 George alikuwa ameoa tena, mke wake akiitwa Elizabeth Hindmarsh, binti wa mkulima. Wakaishi pamoja miaka 25, mpaka mama huyo alipofariki mwaka 1845. Siku za uzee alikaa Tapton House, karibu na mji wa Chesterfield, akiwa tajiri mwenye machimbo na tanuri za chokaa. Alipewa nafasi ya kuitwa Sir, akakataa. Mwaka 1847 alikuwa rais wa kwanza wa chama cha wahandisi mitambo cha Uingereza. Lakini furaha yake ilikuwa bustani. Alilima mananasi katika nyumba za vioo, na matango yalipomkasirisha kwa kupinda, aliyafunga ndani ya mirija ya kioo yakue yamenyooka. Fundi ni fundi hata shambani.

Januari 1848 alioa mara ya tatu, na tarehe 12 Agosti mwaka huo akafariki kwa ugonjwa wa mapafu, umri wake miaka 67. Alizikwa katika kanisa la Holy Trinity, Chesterfield, pamoja na Elizabeth. Robert akaendelea kujenga madaraja makubwa na reli, naye alipofariki mwaka 1859 alizikwa Westminster Abbey. Mjukuu wa mchochea moto asiyejua kusoma alizikwa mahali walipozikwa wafalme.

Alichotuachia

Upana wa njia ya Stephenson, futi 4 na inchi 8 na nusu, ndio milimeta 1,435. Reli ya zamani iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa nyembamba, meta 1. Lakini njia mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, na ile ya Dar es Salaam na Dodoma iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, zina upana ule ule wa Stephenson. Msomaji akisafiri humo, chini ya miguu yake pana kipimo cha mtu aliyeanza kwa kuchunga ng'ombe kwa peni mbili.

Lakini sisi walimu tunaona kwamba kipimo chake kingine ni kikubwa zaidi, nacho ni ile meza ya jioni. Yapo majumba mengi miongoni mwetu ambamo mtoto amesoma kuliko baba, na baba huona haya, hunyamaza, au hukasirika. Stephenson hakuona haya. Alimwacha mtoto asome kwa sauti, yeye akaongeza ujuzi wa mikono yake, na wote wawili wakanufaika. Jambo hilo halihitaji pauni 100. Lahitaji taa, kitabu, na baba anayekuja nyumbani jioni. Basi mafundi wetu, na wakulima, na wote wenye mikono migumu, mtoto akifungua daftari usiku wa leo, msogeleeni mumwombe asome.